FFmpeg ilivyonisaidia kukagua video za familia

Nilihamisha video za familia kutoka diski kuukuu kwenda mpya. Siku chache baadaye nikafungua ile ya bibi yangu akiimba, na kabla hajamaliza ubeti wa pili picha ikageuka vipande vya kijani. Moyo ulinidunda. Diski ya zamani nilikuwa bado sijaifuta, lakini ni zipi nyingine zilizoharibika? Video zilikuwa zaidi ya 200.

Nilianza na ffprobe, inayokuja pamoja na FFmpeg, programu ya kushughulikia video na sauti kwa amri za kuandika. Haikulalamikia hata moja, nami nikafurahi bure: kwa kawaida ffprobe husoma taarifa za faili tu, kama urefu, kodeki (mbinu iliyotumika kubana video) na ukubwa wa picha, haipitii kila fremu, yaani kila picha mojamoja. Iliyonifaa ni amri hii:

ffmpeg -v error -i bibi.mp4 -f null - 2> makosa.txt

Hapa FFmpeg hupitia picha na sauti toka mwanzo hadi mwisho bila kutengeneza video mpya, na kila hitilafu inayoikuta huiandika kwenye makosa.txt. Prosesa hufanya kazi kwelikweli, kwa hiyo niliiacha ikiendelea usiku kucha. Ukitaka kukagua folda nzima kwa kitanzi cha “while read” (amri inayosoma orodha ya majina na kurudia kazi kwa kila jina), ongeza -nostdin, la sivyo FFmpeg humeza orodha ya majina na baadhi ya mafaili yanarukwa. Hilo lilinipotezea jioni nzima.

Usitegemee namba inayorudishwa amri ikimalizika. Huweza kuwa 0 hata fremu zikiwa mbovu. Soma maandishi yenyewe. Malalamiko kuhusu “dts” mara nyingi ni mpangilio wa muda tu, picha ni nzima. “moov atom not found” ndilo la kuogopesha: fahirisi ya MP4 haipo, aghalabu kwa sababu kurekodi kulikatika kabla ya kufungwa. Video yangu moja ilikuwa hivyo, na programu ya untrunc iliifufua kwa kuiga muundo wa video nzima iliyopigwa kwa kamera ileile.

Kuna kitu FFmpeg haiwezi: picha ikiwa iliharibika kabla ya video kubanwa upya, yenyewe huiona nzima. Hapo ni macho yako tu.

Siku hizi kila nikinakili nalinganisha pande zote mbili kwa sha256sum, amri inayotoa alama ya kipekee ya kila faili. Ile ya bibi niliichukua upya kutoka diski ya zamani, nikaikagua tena. makosa.txt ilibaki tupu, na beti zake zote zipo.