Uzoefu wangu: Sauti za Busara, tamasha lisilo na pleibeki

Nimeshaingia shoo nyingi Dar, Nairobi na Zanzibar, na mtu akiniuliza apeleke wapi hela yake ya kiingilio, namwambia asubiri Februari aende Sauti za Busara, tamasha la muziki la Ngome Kongwe, Zanzibar. Sababu yangu kubwa ni kwamba pale hakuna pleibeki, yaani msanii kujifanya anaimba huku rekodi yake ikipigwa. Ni sharti la tamasha lenyewe: anayepanda jukwaani apige laivu, awe staa au chipukizi.

Anayependa bongofleva ananielewa. Unalipa, unafika saa mbili usiku, MC anawachangamsha mpaka saa saba. Halafu yule uliyemfuata anapanda na maiki mkononi, DJ anaachia wimbo uleule wa redioni, sauti ya msanii ikiwa humohumo, na mwenyewe anarukaruka akidakia maneno mawili matatu mwishoni mwa mstari. Kwenye shoo moja Dar, ambayo sitaitaja, msanii aliwanyooshea mashabiki maiki wamalizie kiitikio, na sauti yake ikaendelea kuimba kwenye spika. Watu wakashangilia. Mimi niliumia, kwa sababu kijana yule anajua kuimba. Nilishamsikia redioni akiimba na gitaa moja tu, na alikuwa mzuri kuliko kwenye rekodi. Kwa nini atunyime hicho sisi tuliolipa?

Ngome Kongwe unasikia muziki unavyotengenezwa. Usiku mmoja mpiga gitaa la solo alikatikiwa na waya wa gitaa katikati ya wimbo. Hawakusimama. Mpiga besi akashuka kwenye noti nzito tatu akazizungusha, mpiga dramu akaacha matoazi akabaki na kiki, ile ngoma kubwa ya mguuni, peke yake, mwimbaji akaanza kupiga soga na watu kwa kuimba. Jamaa wa solo amepiga goti kando ya ampu, ile spika ya gitaa lake, anavuta waya mpya, anautega sikio, anauvuta tena. Aliporudi, aliingia juu ya ile besi na uwanja mzima ukalipuka. Hakuna rekodi itakayokupa kitu hicho, na kesho yake bendi ileile isingeweza kukirudia.

Kwa wapenzi wa rock wanaodhani tamasha hili ni la taarabu na ngoma za asili peke yake, nawaambia waitafute bendi ya Jagwa Music. Hao wanapiga mchiriku, muziki wa uswahilini Dar: kinanda kidogo cha Casio kimepitishwa kwenye ampu kikavurugwa sauti, ngoma zinakimbia, mtu anatwanga kigoda kwa fimbo, mwimbaji hatulii. Nimeona bendi za magitaa matatu zisizo na nguvu ile. Kwa upande mwingine kuna Siti & The Band wa Zanzibar, wanaoshika ala ya udi na mahadhi ya taarabu wakayachanganya na besi na dramu, na Msafiri Zawose na zeze na ilimba, ala za asili za Wagogo. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyefariki Aprili 2013, alikuwa akipanda jukwaa hili akiwa bibi mzee kabisa, na sauti yake ya kukwaruza ilifika bila msaada wa rekodi yoyote.

Sasa suala la kusimama wapi, maana hapa watu wengi wanapoteza nusu ya shoo. Ngome ilijengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondolewa. Kuta zake ni nene, za mawe, na juu ni wazi. Ukijibanza ukutani, besi inagonga jiwe inakurudia na maneno ya mwimbaji yanazama. Ukienda mbele kabisa, utaona vidole vya mpiga gitaa, ila unachosikia zaidi ni dramu na ampu za jukwaani, kwa kuwa spika kubwa zinatazama nyuma yako. Simama katikati, hatua chache mbele ya meza ya fundi mitambo. Yeye anapanga sauti kwa masikio yake, kwa hiyo ukiwa karibu naye unasikia anachosikia. Nafanya hivi kwenye kila shoo, hata za viwanja vya mpira.

Na masikio yalindwe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango kwa kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, pawepo sehemu tulivu ya kupumzikia, na watu wapate viziba masikio. Mimi nanunua vile vya wanamuziki. Vya sponji vinakata zaidi sauti nyembamba, uimbaji unakuwa kama unatoka chumba cha pili. Masikio yakivuma mpaka asubuhi ujue umeyaumiza.

Tamasha lilianza 2004. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, likarudi 2017. Kukwama kule hakukunishangaza, kwa sababu laivu ni ghali. Msanii wa pleibeki anakuja na flashi yenye nyimbo zake. Bendi inakuja na watu wanane, nauli zao, vyumba vyao, vyombo, na saa nzima ya kujaribu mitambo mchana kwenye jua la kaskazi. Promota akipiga hesabu, flashi inashinda. Ndiyo maana hii tiketi nainunua bila kuomba punguzo.

Kwa Watanzania kiingilio ni nafuu kuliko cha wageni, kwa hiyo beba kitambulisho. Boti ya kasi kutoka Dar ni kama saa mbili. Vyumba vya Mji Mkongwe hujaa mapema wiki hiyo. Chakula hakina shida, Forodhani iko mbele ya lango: urojo, mishikaki, juisi ya miwa.

Usiende kwa kusubiri jina moja kubwa la saa sita usiku. Bendi zinazonikaa kichwani hadi leo, nyingi sikuwa nazijua, na zilipiga jua halijazama, watu wakiwa bado wanakula nje. Ingia saa kumi na moja.