Nyota moja, na hiyo moja ni ya rubani

Natengeneza vyombo vidogo vya mbao vya kuweka mezani: jahazi, ngalawa, na zaidi mtepe, chombo cha kale cha kushonwa. Safari hii mteja alikuwa Dar, nikapanda ndege ndogo ya kampuni hii ninayoipa nyota, pale uwanja wa Karume, Chake, Pemba. Boti sikuitaka, kusi limeshashika, na bahari ya pale Nungwi inavyochafuka wenyewe mnaijua.

Sanduku nililonunua sina neno nalo. Ndani limepigwa bati, nami kila chombo nimekigundisha sumaku chini ya kitako. Geuza, tikisa, hakibanduki, na rangi haigusi kitu. Plastiki ile ya vipovu mie naiogopa kuliko mawimbi. Likipiga joto vanishi inalainika, ukija kufungua unakuta viduara ubavu mzima, kama chombo kimeugua tetekuwanga.

Tabu ya bati, mashine ya ukaguzi haioni vizuri ndani. Sawa, wafungue, ndiyo kazi yao. Nikamwambia yule kijana kwa adabu zote, "Mwanangu, shika kitako, juu usiguse." Akanitazama, akatia mkono, akaukamata mtepe kwa shingo.

Wanaoujua mtepe wanajua omo yake, ile ncha ya mbele, huchongwa mfano wa kichwa cha ngamia. Wazee wakisema ni ngamia wa Mtume. Hiyo shingo ndiyo pembamba kuliko pote. Chombo kizima nimekishona kwa uzi wa usumba, msumari hata mmoja hakina, kwani ndivyo mitepe ilivyokuwa, na ndivyo nilivyouona ule mkubwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho kule Unguja, kabla sehemu ya jengo haijaporomoka Disemba 2020.

Tak! Kichwa kikabaki kidoleni mwake, na jicho nililolichora kwa brashi ya nywele mbili tatu likawa linamkodolea.

Nikangoja "samahani mzee". Akasema, "Kijibao tu hiki, si utatia gundi." Kijibao! Mtanambia wakaguzi si watu wa kampuni. Yakhe, nauli yangu nimempa nani? Bibie wa kaunta kaona yote, kaendelea na karanga zake.

Mizigo yote huingizwa tumboni mwa ndege, nikajua na vilivyobaki vimekwenda. Rubani akauliza mna nini humo, nikamfungulia. Akautazama mtepe usio kichwa, asiseme kitu. Kisha akalifunga sanduku kwa mkanda kwenye kiti kitupu, akaniweka mie pembeni ya sanduku. Tulirushwa kidogo juu ya bahari; hakuna kilichosogea. Hasira zikanishuka kabisa, nikasema hawa nawapa tatu, hata nne.

Baadaye nikapiga simu ofisini. Si kwa fidia, nilitaka tu kijana afundishwe. Nikajibiwa mizigo dhaifu ni juu ya abiria mwenyewe. Dhaifu! Mtepe ule umekaa juu ya kabati langu miezi na miezi, nyumba ina paka na wajukuu, haukupata hata mkwaruzo.

Basi ile nne nimeifuta. Mteja kachukua vyengine, mtepe nimerudi nao. Sumaku na bati tumieni, ni dawa, lakini mkaguzi akitaka kuona, toeni chombo kwa mikono yenu na mkishike nyinyi. Kampuni nitaipanda tena nikiwa na haraka, sina ujanja. Nyota haiongezeki mpaka niisikie hiyo samahani.