Mazabodi imekufa? Uzoefu wangu na fundi wa Ngamiani, Tanga

Kompyuta ya stesheneri yangu ilianza visa: ukiwasha, feni inazunguka, skrini nyeusi tii. Duka la kwanza hawakufungua hata kasha. "Mazabodi imekufa, nunua mpya," yaani ile bodi kuu inayobeba vipande vyote vya kompyuta. Basi.

Shida ya ushauri huo ni kwamba prosesa (ubongo wa mashine) yangu ni Intel Core i5 ya kizazi cha 2, inakaa kwenye soketi ya LGA 1155, na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni aina ya DDR3. Mazabodi mpya za siku hizi hazipokei prosesa hiyo wala RAM hiyo, kwa hiyo ukinunua bodi umejinunulia na hivyo viwili. Ya mtumba inayoingia nilitajiwa 90,000, na hakuna ajuaye ilikotoka imepitia nini.

Nikaipeleka kwa fundi mwingine, kijana mmoja wa Ngamiani mwenye kibanda kidogo. Alianza kwa kuchomeka pawa saplai yake ya kujaribia: bado. Akachomoa RAM, akasugua meno yake kwa ufutio wa penseli: bado. Ndipo akamulika tochi pembeni ya prosesa. Kapasita tatu, vile vijikopo vya kutunza umeme kwenye bodi, zilikuwa zimevimba vichwa, moja imevuja ukoko wa kahawia mpaka chini. "Dada, bodi haijafa. Wagonjwa ni hawa watatu." Akaweka nyingine zenye mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake) zilezile na volti zisizopungua za mwanzo, akihakikisha ule mstari wa hasi ubavuni mwa kila kapasita umekaa upande wake. Lehemu yake safi, haina madonge.

Nililipa 40,000 na mashine inapiga kazi. Ila "njoo kesho" zake zinachosha, na garantii ni ya mdomo tu. Risiti niliidai mwenyewe, akaiandika kwenye karatasi ya daftari.

Ningekuta njia za shaba zimeliwa na kutu (na huku kwetu hewa ya chumvi haina huruma), nisingetengeneza wala kununua bodi. Ningetafuta mashine nzima ya mtumba, kizazi cha 8 kwenda juu, maana muda wa kawaida wa Windows 10 kupata masasisho ya usalama uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 rasmi kwa kawaida inaanzia kizazi hicho cha 8. Hii yangu haifiki huko, kwa hiyo nimeichomoa intaneti. Inachapa barua na mitihani ya walimu. Mambo ya pesa nafanyia kwenye simu.