Nimesafisha alumini ya baiskeli kwa vitu vya nyumbani: vilivyofaa na kilichoniharibia haba (kitovu cha gurudumu)

Baiskeli yangu ilikaa nje miezi mingi ikinyeshewa kabla sijaishughulikia. Fremu ni ya chuma na rangi yake bado nzuri. Alumini ndiyo iliyoniuma: mikono ya pedali, shingo ya usukani, bomba la kiti na rimu vilikuwa vimepauka, na hapa na pale vimetoka unga mweupe kama chaki. Sikununua dawa maalumu yoyote. Nilitumia vilivyokuwamo jikoni na bafuni.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo nilikuwa nimeidharau, kumbe sehemu kubwa ya kile nilichokiita kupauka ilikuwa grisi iliyogandamana na vumbi. Maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki mkuukuu vilitosha kwa shingo ya usukani. Haikuhitaji kitu kingine. Nyuma ya gea nilitangulia na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Usiruke hatua hii, kwa sababu penye grisi siki haifiki kwenye metali.

Siki ndiyo naisifu kuliko vyote. Alumini haipati kutu nyekundu. Ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba mno wa oksaidi, na utando huo huilinda. Unyevu na chumvi vikikaa juu yake muda mrefu hutoboa utando, na hapo ndipo ule unga huzuka. Siki ya kawaida, yenye asidi takriban asilimia 5, huuyeyusha unga huo. Nilikilowesha kitambaa, nikauviringishia mkono wa pedali kwa dakika 10, nikasugua, nikasuuza kwa maji mengi. Unga wote ulitoka. Vishimo vidogo vilibaki, maana metali iliyokwisha kuliwa hairudi. Cheni niliivua kwanza na kuiweka mbali, kwa kuwa asidi inaweza kukidhoofisha chuma chake kigumu hadi kikapasuka.

Wapo wanaochanganya siki na soda ya kuokea kwa kupenda lile povu. Nilijaribu, na kwa kweli ni kupoteza vyote viwili: povu ni hewa ya kaboni tu, na asidi na soda zikishamalizana unabaki na maji yenye chumvichumvi yasiyo na nguvu.

Mng'aro niliupata kwa dawa ya meno nyeupe, isiwe ile ya jeli, na kipande cha fulana ya pamba. Hapa kuna jambo nililochelewa kulielewa. Kitambaa kiligeuka cheusi, nikageuza upande, kikawa cheusi tena, nikazidi kusugua nikiamini bado kuna uchafu. Weusi ule ni alumini yenyewe inayokwanguka. Usisubiri kitambaa kitoke cheupe. Simama unapoona sura ya kidole chako ndani ya metali.

Sasa haba ya nyuma. Ilikuwa nyeusi, ya alumini iliyotiwa utando wa rangi kiwandani kwa umeme, na grisi yake ilikuwa kaidi. Nikapulizia dawa ya kusafishia oveni. Baada ya muda mfupi ilianza kutoa vipovu, nikadhani ni uchafu unaochemka. Dawa nyingi za aina hiyo zina soda kali, ambayo huyeyusha ule utando kisha huila alumini, na vipovu vile ni haidrojeni. Niliposuuza, weusi ulikuwa umebaki mabakamabaka ya kijivu. Maelezo ya kopo yalikataza kuitumia kwenye alumini. Niliyasoma baadaye, na nimejuta sana, kwa sababu haba ile ilikuwa nzima kabisa. Dawa za kuzibulia mabomba nazo mara nyingi zina soda hiyo hiyo. Sufi ya chuma nayo iache: inachubua, na punje zake hubaki zikishika kutu. Dawa ya klorini ndiyo kabisa usiisogeze, hasa karibu na siki, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Mwisho nilipaka nta ya gari kila mahali isipokuwa kwenye kingo za rimu, pale raba za breki zinapobana. Hapo nilifuta kwa spiriti pakawa pakavu, kwani nta kidogo tu inaweza kukunyima breki.

Miezi 6 imepita. Mikono ya pedali bado inang'aa, ila pale kisigino kinapogusa pamefifia. Haba imebaki na mabaka yake. Siku hizi kabla ya kugusa kipande chochote nasugua dawa ya meno kidogo mahali pasipoonekana: kitambaa kikiwa cheusi, ni alumini tupu na naendelea; kikibaki safi, kipande kina utando wa kiwandani, nakiosha kwa sabuni basi.