Jeepney ya Bati: Rangi Nzuri, Magurudumu Mabovu

Duka moja la zawadi huko Masaki linauza mifano midogo ya jeepney, gari la abiria la Ufilipino, iliyoundwa kwa bati na kupakwa rangi kwa mkono. Bei yake ni shilingi 45,000, ambayo kwa mtu aliyekulia kwenye daladala za Mbagala ni kubwa kwa pambo la kabatini.

Umbo halikukosewa. Pua ni ileile ya magari ya Jeep ambayo jeshi la Marekani liliyaacha Ufilipino baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ambayo mafundi wa huko waliyarefusha ili yabebe abiria. Farasi wa fedha wamesimama juu ya boneti, mlango uko nyuma, na ndani mabenchi mawili marefu yanatazamana. Ubavuni yameandikwa majina ya njia, Quiapo na Cubao. Nafasi ya konda haipo, na hilo ni sahihi, kwa kuwa nauli hupitishwa mkono kwa mkono hadi kwa dereva na chenji hurudi vivyo hivyo. (Kwenye Coaster ya Tandika saa kumi na mbili jioni, sidhani kama chenji ingefika.) Dereva wa huko naye, kama suka wetu, hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku.

Kilichonifanya nilipe ni maneno “Katas ng Saudi” yaliyoandikwa juu ya kioo cha mbele. Jeepney halisi huyabeba kutangaza kwamba zimenunuliwa kwa jasho la Saudia: mtu alijinyima ugenini, akatuma fedha nyumbani, gari likanunuliwa, na familia ikala kutokana na nauli. Dar nako zipo bodaboda na genge zilizoanzishwa kwa fedha za mabinti walioko Oman, ila hatuandiki popote nani alizilipia. Muuzaji hakuweza kunieleza chochote kuhusu maneno hayo. Karatasi ndogo ndani ya boksi ingesaidia.

Magurudumu ni ya plastiki laini na mawili hayagusi meza. Kingo za mlango wa nyuma hazikupigwa msasa, hivyo mtoto asipewe kuchezea. Mwenye kabati la kioo na anunue. Wengine wasubiri bei ishuke hadi 30,000.