Njaa ya Malawi au deni la Iowa: uwashe ipi?

Mvua zikianza hapa Uyole, watu tunabanana ndani na ubishi ule ule hurudi: filamu ipi inamgusa mkulima zaidi, The Boy Who Harnessed the Wind ya 2019 au Country ya 1984?

Kwa uhalisia, ya kwanza ni ya jirani zetu. Mwongozaji wake, Chiwetel Ejiofor, aliipiga kule kule Malawi, na Kichewa kimejaa. Ukame unaishusha familia hadi mlo mmoja kwa siku, kisha kijana anaomba baiskeli pekee ya baba yake aikatekate atengeneze kinu cha upepo. Uone uso wa huyo baba! Mama mkwe wangu alisema, "Hata mimi ningekataa," akaendelea kumenya viazi.

Country haina njaa. Adui wake ni karatasi: wakala wa mikopo wa serikali ya Marekani anadai deni, na shamba la familia huko Iowa liko hatarini. Mwigizaji Jessica Lange ndiye anayeibeba. Aliyekopa mbolea akakuta bei ya mahindi imeanguka hahitaji tafsiri.

Kuipata? Ya Malawi ipo Netflix. Nyingine ni ya kusaka, na Kiingereza chake ni cha mashambani.

Una watoto wa shule sebuleni? Anza na ya Malawi, ingawa mbwa wa yule kijana atawaliza. Mkiwa wawili, na rejesho la kikundi linakaribia, tafuteni Country. Mimi usiku nilioitazama sikulala mapema.