Injalak Arts, Gunbalanya: kikapu cha mkadi nilichonunua kwa aliyekisuka

Naanza na bei maana najua ndo mtakachoniuliza. Kikapu kimoja cha kusuka kwa mkono, upana wake kama sinia dogo la wageni wawili, dola 180 za Australia. Mume wangu aliniangalia tu. Mi nikalipa na wala sikuomba nipunguziwe, na mimi ni mtu wa Pemba, bibi yangu alikuwa msukaji wa mikeka, najua watu walivyokuwa wanamvunjia bei mlangoni mpaka analala na hasira.

Duka linaitwa Injalak Arts, liko Gunbalanya (wazungu walipaita Oenpelli), magharibi ya Arnhem Land, huku kaskazini kabisa ya Australia. Ni la wasanii wenyewe, lipo tangu 1989. Sisi tunakaa Darwin na bado ni safari ya kujipanga. Arnhem Land ni kama kilomita za mraba 97,000 na kisheria ni ardhi ya Waaborijini, kwahiyo huingii bila kibali cha Northern Land Council, baraza linalosimamia ardhi zao, na sawa kabisa, ni kwao. Ombeni mapema.

Lami inakupeleka mpaka Jabiru, kama kilomita 250 hivi, afu unashika njia ya Ubirr mpaka mto East Alligator, na hapo ndo pana Cahills Crossing. Msifikiri ni daraja, ni zege limelazwa chini ya mto, maji ya bahari yakijaa yanapita juu yake, na mamba wanajipanga pale kungoja samaki wanaokuja na maji, nilihesabu kumi na nne nikaacha. Mtu wa pwani ataelewa haraka: angalia saa za maji kujaa na kupwa kabla hujatoka nyumbani, vuka yakishapwa, na siku za bamvua uwe na hadhari zaidi. Kuna kampuni ya kukodisha magari (siitaji) ilituambia kwenye simu gari yao inakwenda popote, siku ya kuichukua ndo tunasoma kwenye karatasi kwamba kuvuka mto ule marufuku, na ile pesa ya kushikia gari tumeisumbukia wiki tatu. Tukaazima gari ya jirani. Kwahiyo ulizeni kabla hamjalipa. Na msiende wakati wa mvua kubwa, Januari Februari barabara inakatika kabisa, inabaki ndege. Sisi tulienda Julai, wenyewe wana misimu sita kwa mwaka na ule wa Julai wanauita Wurrkeng, baridi kidogo, anga safi.

Sasa kituo chenyewe. Wanaume wamekaa barazani wanachora juu ya magome ya mti na karatasi nzito, brashi yao ni jani jembamba la nyasi za majini, manyilk, na kwa jani hilo wanavuta mistari myembamba inayokatana, rarrk, mmoja mmoja, bila mkono kutetemeka. Samaki anachorwa na uti wa mgongo na matumbo yake yanaonekana. Nzuri sana, ila mimi macho yangu yalishaenda kwa akinamama.

Wanasuka kwa mkadi jamani! Mkadi wa ndugu moja na ule ambao kwetu maua yake tunatia kwenye vikuba. Wanavuta majani machanga ya katikati, yana miiba pembeni, wanayachana kwa vidole yakiwa mabichi, wanaanika, afu wanachemsha na mizizi waliyochimba wenyewe porini, mzizi wa njano ukitiwa majivu rangi inageuka inakuwa ya chungwa iliyoiva. Yani kuchana, kuanika, kuchovya, ni kazi ileile ya miyaa, tofauti kwetu rangi ya kopo inatoka dukani na wao wanaichimba, na mama mmoja akaniambia kuchimba peke yake kunakula siku nzima. Alivyoniona nimekodoa vidole vyake akaniuliza, kwenu mnasuka? Nikamwambia bibi yangu. Akanisogezea sindano na uzi wa mkadi nijaribu, nikashona mizunguko miwili, akaigusa akasema "kamak", ndo vizuri kwa Kikunwinjku. Kile kikapu kilikuwa chake.

Ukinunua unapewa cheti chenye jina la msanii. Kiombe na ukitunze, maana Darwin nilishauziwa kitu na duka moja la watalii nikiamini ni cha Waaborijini, kumbe hapana, na si mimi peke yangu: uchunguzi wa serikali wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya zawadi za watalii zenye michoro yao hazikutengenezwa nao. Inaniuma kweli, kwa sababu michoro ile si mapambo tu, mtu anachora hadithi ambayo ukoo wake una haki nayo.

Pandeni na kilima cha Injalak, mwongozaji ni mwenyeji, karibu masaa matatu, chukueni maji mengi. Miamba imejaa michoro juu ya michoro. Pale atakaposema msipige picha, wekeni simu chini.

Na jambo moja la kwetu. Visiwa vya Wessel, upande wa mashariki wa Arnhem Land, mwaka 1944 mwanajeshi aliokota sarafu za Kilwa tano. Kilwa yetu! Zilifikaje hakuna anayejua. Ila mabaharia wa Makassar, Indonesia ya leo, walikuwa wanakuja huko na pepo za msimu kuvua majongoo bahari, mpaka serikali ilipowazuia mwanzoni mwa karne ya 20, na Wayolngu wa upande huo hadi leo pesa wanaiita rrupiya.

Jioni nimempigia mama yangu kule Wete kwa video nikamwonyesha kikapu. Hakuuliza bei. Kaniambia sogeza karibu, geuza, geuza tena, uzi wake wa mwisho kaufichia wapi? Tukautafuta robo saa nzima, hatukuupata.